Skripti inaisubiri ffmpeg, ffmpeg inaisubiri skripti: nani aanze?

*Shikamoo mwalimu. Nina studio ndogo ya video za harusi. Nimeandika skripti ya Python kwenye kompyuta ya Ubuntu. Inachukua faili za kamera moja baada ya nyingine na kuiita ffmpeg izipunguze ukubwa kabla hatujamkabidhi mteja. Natumia subprocess.Popen, nimeweka stdout=PIPE na stderr=PIPE, halafu p.wait(), ndipo nasoma kilichotoka nikiweke kwenye logi. Vipande vifupi vinapita bila shida. Video ndefu zinaganda: faili inaacha kukua, top inaonyesha ffmpeg iko CPU 0%, na skripti haisemi chochote hata nikiiacha usiku kucha. Amri ileile nikiiandika kwa mkono kwenye terminali inamaliza vizuri tu. Nimeongeza RAM, haikusaidia. Nikahamia kompyuta yenye kasi zaidi, ikawa afadhali: video za dakika ishirini zikaanza kupita, za saa nzima hadi saa tatu bado. Haigandi sehemu ileile ya video, ila nikitazama saa huwa ni dakika tano na kitu tangu ianze. Mwisho nikaweka shell=True ili niandike && mv baada ya ffmpeg, nikatumia communicate yenye timeout ya nusu saa; muda ukiisha naita p.kill(), kisha communicate tena. Napo imeganda! Je, mwenye kasoro ni ffmpeg au Python?*

Marahaba. Umefanya vizuri kutazama saa. Wengi wanaoniletea tatizo hili huniambia "inaganda" na kuishia hapo. Hiyo "dakika tano na kitu" yako inaeleza karibu kila kitu, na nitaipigia hesabu hapa chini.

Kwanza nikutoe wasiwasi. ffmpeg haina kasoro hapa, Python haina kasoro, na video zako ni nzima. Kilichopo ni kwamba skripti yako inaisubiri ffmpeg imalize kazi, na ffmpeg inaisubiri skripti yako isome. Kila mmoja ana haki ya kusubiri, kwa hiyo hakuna atakayeanza. Wala hakuna kosa la kuripotiwa: kwa macho ya mfumo, programu mbili zimelala, na programu kulala ni jambo la kila sekunde. Ndiyo maana logi iko kimya.

Halafu nikuambie mapema kwamba una magonjwa mawili, si moja. Lile la Popen na wait ni moja, hili la shell=True na timeout ni lingine kabisa. Dalili zinafanana, dawa ni tofauti, na nahisi kule kuyachanganya ndiko kulikokuchosha.

Tuanze na la kwanza. Programu ina njia mbili za kutolea maneno: stdout ya matokeo, na stderr ya taarifa na makosa. Unapoandika stderr=PIPE, Python inaiomba kerneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, itengeneze bomba: njia ya upande mmoja yenye ncha mbili. ffmpeg inapewa ncha ya kuandikia, skripti yako inabaki na ncha ya kusomea. Katikati kuna bafa, kipande cha kumbukumbu kinachomilikiwa na kerneli yenyewe, na kipande hicho kina ukomo. Kwenye Linux ukomo wa kawaida ni baiti 65,536, yaani kilobaiti 64, tangu kerneli 2.6.11 ya mwaka 2005. Kabla ya hapo bomba lilikuwa ukurasa mmoja tu wa kumbukumbu, baiti 4,096 kwenye mashine nyingi. Kwenye Mac bomba huanza na baiti 16,384. Kompyuta iwe na RAM ya GB 4 au GB 64, bomba ni lilelile. Pesa ya RAM ilienda bure, pole sana.

Bafa ikijaa, anayeandika hapati ujumbe wa kosa. Kerneli inamlaza, na itamwamsha pale tu mwenzake atakaposoma na kupunguza kilichomo. Mfikirie saidia fundi aliye chini akimpandishia fundi makarai ya zege juu ya jukwaa. Jukwaa lina nafasi ya makarai machache. Sasa fundi anasema: "Sigusi karai hata moja mpaka umalize kupandisha yote." Kazi ya makarai manne itaisha salama. Kazi ya makarai arobaini itasimama, saidia fundi akiwa chini na karai kichwani na fundi akiwa juu amekunja mikono. Huyo fundi ndiye p.wait() yako. wait haisomi kitu. Inasubiri tu mtoto, yaani ffmpeg uliyoianzisha, afe. Umeipanga kabla ya kusoma, na mtoto hawezi kufa kabla hujasoma.

Watu hulaumu muundo huu, lakini umewekwa makusudi. Mabomba yaliingia kwenye Unix mwaka 1973 pale Bell Labs, Ken Thompson akiyaandika baada ya Doug McIlroy kuyapigania kwa miaka. Huku kulazwa ndiko kunakoruhusu programu ya haraka iunganishwe na ya polepole bila kujaza kumbukumbu yote ya mashine. Ukiunganisha zcat (inayofumua faili lililobanwa) na grep (inayotafuta maneno) kwenye faili la logi la GB 50, zcat inapumzishwa kila grep ikichelewa, na wewe hujui hata kwamba limetokea. Mambo yanaharibika pale tu msomaji anapoacha kusoma huku ncha ya kusomea ikiwa wazi mkononi mwake.

Sasa zile dakika tano. ffmpeg ikiwa inaandika video kwenye faili, haipitishi kitu kwenye stdout. Maneno yake yote yanapita stderr: toleo lake, maelezo ya faili ulilompa, kisha ule mstari wa maendeleo:

```
frame= 5210 fps= 31 q=28.0 size=   40960kB time=00:03:28.40 bitrate=1610.1kbits/s speed=1.24x
```

Ukiuhesabu pamoja na nafasi za mwishoni, mstari huu ni karibu baiti 100, na ffmpeg huutoa kila nusu sekunde. Hizo ni baiti 200 kwa sekunde. Gawa 65,536 kwa 200, unapata sekunde 327. Toa kilobaiti chache zilizoliwa na maelezo ya mwanzo, unabaki na dakika tano na sekunde kadhaa. Ndiyo saa uliyoiona. Bomba linajaa kwa muda wa saa ya ukutani, si kwa urefu wa video, na ndiyo maana haigandi sehemu ileile ya harusi. Ndiyo maana pia kompyuta ya kasi ilikudanganya kwamba inasaidia: ilimaliza video ya dakika ishirini kabla bomba halijajaa, basi. Hii ni hatari kubwa ya tatizo hili, kwamba linajificha kwenye majaribio madogo na kujitokeza kwenye kazi ya kweli.

Na terminali? Kule hakuna bomba lisilosomwa. Programu ya terminali inasoma kila herufi inapokuja na kuichora kwenye kioo, usiku na mchana. Amri ni ileile, msomaji ndiye tofauti.

Ukitaka kuliona kwa macho yako bila ffmpeg, endesha hii:

```
import subprocess, sys
p = subprocess.Popen([sys.executable, "-c", "print('a' * 60000)"],
                     stdout=subprocess.PIPE)
print(p.wait())
```

Kwenye Linux itachapa 0 na kurudi. Badilisha 60000 iwe 70000, itaganda hapohapo, na utalazimika kubonyeza Ctrl-C. Mistari mitatu tu, lakini ukishaielewa umeelewa robo tatu ya tatizo.

Kabla ya dawa, nitaje zile ambazo si dawa, kwa sababu utazikuta ukitafuta. time.sleep haifai kitu. Unaongeza kusubiri juu ya kusubiri. Kuongeza ukubwa wa bomba kunawezekana tangu kerneli 2.6.35, na Popen ya Python 3.10 kuendelea ina pipesize kwa kazi hiyo, lakini mtumiaji wa kawaida kwa mipangilio ya kawaida anaishia baiti 1,048,576. Kwa mwendo wa baiti 200 kwa sekunde umejinunulia kama saa moja na nusu, halafu unaganda vilevile, safari hii ukiwa umeshaenda kulala. Hata hizo 65,536 hazina uhakika: mtumiaji mmoja akiwa na mabomba mengi wazi kwa pamoja, takriban 1,024 ya ukubwa wa kawaida, kerneli za kisasa humpa mabomba mapya yaliyo madogo zaidi. Kwa hiyo msimbo unaotegemea kwamba "matokeo yangu ni machache, yatatosha" unategemea bahati.

Ushauri wa kuweka -loglevel error nao una ukweli nusu. Mstari wa maendeleo unapotea, bomba halijai, video zinapita. Kisha siku moja kadi ya kamera inakuletea faili lililoharibika, ffmpeg inaanza kulalamika kwa kila fremu, na maelfu ya malalamiko hayo yanajaza bomba lilelile. Unaganda siku ambayo ulihitaji zaidi kuyasoma.

Na wapo wanaosema: basi soma kabla ya wait. Wanaandika p.stdout.read(), mstari unaofuata p.stderr.read(), na wanashangaa bado imenasa. Kwa nini? read() ya kwanza hairudi mpaka stdout ifike mwisho, na stdout haifiki mwisho mpaka ffmpeg ife, na ffmpeg imelala kwenye stderr iliyojaa. Ukiwa na mabomba mawili, huwezi kumaliza moja ndipo ugeukie lingine. Lazima uyasome yote mawili kwa pamoja.

Hiyo hasa ndiyo kazi ya communicate(). Kwenye Linux inaiuliza kerneli ni bomba gani lina kitu, inasoma hilo, inauliza tena, hadi yote yafungwe, ndipo inamsubiri mtoto. Kwenye Windows inatumia nyuzi (threads) kufanya jambo hilohilo. subprocess.run, iliyokuja na Python 3.5, ndani yake ni communicate hiyohiyo. Kasoro yake moja ni kwamba inakusanya kila kitu kwenye RAM ya skripti mpaka mwisho. Kwa logi ya ffmpeg ya kilobaiti mia chache si tatizo. Kama mtoto anakutolea video yenyewe kupitia stdout, gigabaiti kadhaa, hapo utajuta.

Kwa kazi yako mimi nisingetumia bomba hata moja. Unachotaka ni logi. Basi mpe ffmpeg faili la logi aandike mwenyewe:

```
amri = ["ffmpeg", "-nostdin", "-y", "-i", chanzo,
        "-c:v", "libx264", "-crf", "26", kazi]

with open(jina + ".log", "wb") as logi:
    r = subprocess.run(amri, stdout=logi, stderr=subprocess.STDOUT)

if r.returncode == 0:
    shutil.move(kazi, tayari)
```

Faili halina ukomo wa kilobaiti 64 na halihitaji msomaji. Skripti ikifa katikati, logi inabaki kwenye diski. Ukitaka kuchungulia, fungua dirisha lingine uandike tail -f. Na hilo mv lako limehamia kwenye shutil.move, kwa hiyo shell=True haina kazi tena; nitaeleza punde kwa nini hilo ni jambo la kheri.

Utaona nimeongeza -nostdin na -y. ffmpeg inapoendeshwa husikiliza kibodi, na faili la matokeo likiwa tayari lipo huuliza kama ulifute. Swali hilo linaandikwa kwenye stderr, ambayo wewe umeificha ndani ya bomba, kisha inakaa kungoja jibu ambalo hakuna anayejua linangojwa. Nalo ni kuganda, ila unalitambua kwa sababu linatokea sekunde ya kwanza kabisa na faili halikui hata kidogo. -nostdin inaiambia isisikilize kibodi. -y inaiambia ifute bila kuuliza. Kama kufuta kunakutia hofu, weka -n badala yake, itaacha faili la zamani na kuondoka na kosa. Kwa studio ya harusi, ningeweka -n kwenye kitu chochote kinachogusa folda ya kamera.

Kama unataka kuonyesha maendeleo kwenye kioo, ffmpeg ina njia safi kuliko kuchambua ule mstari: -progress pipe:1 pamoja na -nostats. Inatoa kwenye stdout mistari ya jina na thamani, mmojawapo out_time. Hapo bomba ni moja, stderr iende kwenye faili, nawe usome mstari kwa mstari:

```
p = subprocess.Popen(amri, stdout=subprocess.PIPE,
                     stderr=logi, text=True)
for mstari in p.stdout:
    if mstari.startswith("out_time="):
        print(mstari.strip())
p.wait()
```

Angalia kwamba wait imerudi, na safari hii haina madhara. Kitanzi hakiishi mpaka bomba lifike mwisho, kwa hiyo wakati wait inaitwa hakuna kilichobaki cha kusomwa. Shida ya msimbo wako wa mwanzo ilikuwa mpangilio tu.

Sasa ugonjwa wa pili. Ulipohamia communicate, lile la kwanza lilipona palepale, na sidhani kama ulitambua. Siku ile ffmpeg haikuganda. Video ya saa tatu ilihitaji zaidi ya nusu saa uliyoiwekea, timeout ikapiga, na hapo ndipo tatizo jipya likaanza. Nina hakika ungetazama top ungeiona ffmpeg ikichapa kazi kwa CPU zote.

Ukiweka shell=True, mtoto wa skripti yako si ffmpeg tena. Mtoto ni sh, programu inayosoma na kutekeleza amri, na kwa kuwa baada ya ffmpeg kuna && mv, sh lazima ibaki hai ikingoja, na kuizaa ffmpeg kama mtoto wake. Kwa skripti yako ffmpeg ni mjukuu. p.kill() inamuua mtoto, yaani sh. Mjukuu haguswi. Anaendelea na kazi yake, na amerithi ncha ya kuandikia ya bomba lako.

Kanuni yenyewe ni hii: msomaji wa bomba anaambiwa "mwisho" pale tu ncha zote za kuandikia zinapokuwa zimefungwa, mikononi mwa kila mchakato (programu inayoendeshwa) uliozirithi. Si mtoto akifa; ncha zote zikifungwa. communicate yako ya pili ilikuwa inangoja mwisho wa bomba ambalo mjukuu bado analishika. Ungeiacha, ingerudi yenyewe siku ffmpeg ikimaliza. Jambo hilihili huwapata wanaoanzisha huduma ya nyuma kupitia skripti: mtoto amekufa zamani, ila huduma aliyoizaa imebaki na ncha ya bomba, na mzazi anangoja milele.

Dawa ya kwanza ni kuacha shell=True, kama nilivyofanya juu. Ukiwa na sababu ya kuihitaji, wape mtoto na wajukuu kundi lao na uliue kundi zima:

```
p = subprocess.Popen(amri_ndefu, shell=True, start_new_session=True,
                     stdout=logi, stderr=subprocess.STDOUT)
try:
    p.wait(timeout=7200)
except subprocess.TimeoutExpired:
    os.killpg(p.pid, signal.SIGKILL)
    p.wait()
```

Na nusu saa kwa video ya saa tatu ni kuionea mashine. Pima kwanza kasi yako kwenye ule mstari wa maendeleo, sehemu ya speed, ndipo upange muda.

Kuna jambo la tatu ambalo hujaliuliza lakini utakutana nalo ukianza kuita skripti zako nyingine za Python: mtoto anafanya kazi, bomba linasomwa vizuri, na bado huoni kitu mpaka mwisho. Huko si kuganda. Programu nyingi zikiona zinaandika kwenye bomba badala ya terminali hujikusanyia maneno kwenye bafa yao wenyewe na kuyamwaga kwa mkupuo. Kwa mtoto wa Python mwite kwa python3 -u. Kwa programu nyingi za C jaribu stdbuf -oL mbele ya amri. ffmpeg haina tabia hiyo kwenye stderr, kwa hiyo kwa leo tuliache.

Siku itakapoganda tena, usiiue kwanza. Iulize:

```
ps -o pid,ppid,stat,wchan:20,cmd -C ffmpeg
```

Ukiona S kwenye safu ya stat na pipe_write, au jina linalofanana na hilo, kwenye wchan, ni lile la kwanza: imelala ikiandika kwenye bomba lililojaa. Ukitaka ushahidi zaidi, sudo strace -p na namba ya mchakato itakuonyesha write(2, "frame= ... ikiwa imening'inia bila jibu. Ubuntu kwa kawaida haikuruhusu kuuchungulia hivyo mchakato ulioanzishwa kwingine bila sudo, usidhani strace imeharibika. Ukiona T, ffmpeg imesimamishwa kwa sababu iko nyuma na imegusa terminali. -nostdin inaponya hilo.

Na kama ni pipe_write, huna haja ya kuanza upya. Kwenye dirisha lingine, kwa mtumiaji yuleyule, andika:

```
cat /proc/NAMBA_YA_FFMPEG/fd/2
```

Linux inakuruhusu kulifungua bomba lile kwa upande wa kusoma. cat inakuwa msomaji aliyekosekana; kilobaiti 64 zitamwagika kwenye kioo, na ffmpeg itaamka na kuendelea pale ilipoishia. Acha cat ifanye kazi mpaka mwisho. Logi ya skripti itakosa maneno hayo, lakini video itakamilika, na mteja haji kuchukua logi.

Yote haya unaweza kuyafanya mwenyewe. Palipo na mpaka ni ukiona herufi D badala ya S. D maana yake mchakato umelala ndani ya kerneli ukingoja kifaa, mara nyingi diski, na kill -9 haiuondoi mpaka kifaa kijibu. Hapo tatizo si bomba wala msimbo. Kama faili ziko kwenye seva nyingine ya ofisini, mwite anayeisimamia mkae pamoja mbele ya mashine, maana anayoyaona yeye upande wake wewe huyaoni. Kama ziko kwenye diski ya nje, angalia sudo dmesg; ikitaja I/O error, simamisha skripti, usiizungushe tena na tena kwenye faili hilohilo na usijaribu programu za kurekebisha ulizozipakua tu. Kila usomaji unaweza kuizidishia diski madhara, na harusi hairudiwi kurekodiwa. Chomoa kwa utaratibu, uipeleke mkononi kwa fundi wa kuokoa data, na umwambie mapema kwamba hakuna nakala nyingine.